Makaa ya Wankyo

Hebu mwone Dorotea akishuka kwenye bodaboda pale Bweri, kitenge kimekazwa kiunoni, mkononi begi la nguo za kubadilishia watoto. Miaka ishirini alikausha samaki kwa moshi kwao Bukima. Siku hizi ni mlezi kwenye kituo kidogo cha watoto wenye usonji, na asubuhi hii anamuwaza mmoja tu: Wankyo, binti wa miaka tisa, mtoto wa wavuvi wa hukohuko Bukima. Kengele ya shule ikilia, Wankyo hubana pumzi mpaka anaanguka. Shule imempa mpaka Jumatatu. Akianguka tena, arudi kijijini.

Mwalimu Edwin wa kituoni ameazima miwani mikubwa ya michezo, ile ukiivaa unajiona uko kwingine. Katika mchezo wake uko chini ya maji ya bluu, na ukipumua taratibu samaki wanakusogelea. Wankyo akavalishwa. Akatulia tuli. Midomo ikaanza kupauka, akavuliwa haraka.

"Amegoma," Edwin akasema.

"Nipe na mimi."

"Mama, utapata kizunguzungu."

"Nimekula moshi miaka ishirini, mwalimu. Kizunguzungu kitaniambia nini?"

Akavaa. Maji yakamfunika kichwa, na mara akagundua kwamba na yeye amebana pumzi. Akaivua miwani akicheka mpaka machozi.

"Mwalimu, nyie wa Bunda mjini mmekulia kwenye beseni. Sisi tulikuwaga tunapiga mbizi ziwani. Nani anapumua chini ya maji? Huyu mtoto ana akili zake. Hakuna mchezo wa nchi kavu?"

Ulikuwepo. Moto wa kuni, makaa yanakolea ukiyapuliza polepole; ukiyapuliza kwa pupa yanafifia. Wankyo akavalishwa tena miwani, Dorotea akakaa chini kando yake, akapuliza kama anachochea moto wa samaki. Fuuu. Wankyo akasikiliza. Kisha akafuata, pumzi ndefu, ikatoka yote.

Jumatatu miwani ilibaki kabatini kituoni. Dorotea alisimama langoni mwa shule. Kengele ikalia. Wankyo akaziba masikio, akachuchumaa, akaukodolea macho mchanga mbele yake. Halafu akaupuliza, fuuu, polepole, akavuta pumzi, akapuliza tena, mpaka kengele ikanyamaza. Akainuka, akajikung'uta magoti, akaingia darasani.

Dorotea kila akipita pale huinama kidogo kuutazama ule mchanga. Wewe unadhani Wankyo aliona makaa gani, ya kwenye miwani au ya jikoni kwao?