Vidole vya Mama Pembeni mwa Kitambaa

Baba yangu alipiga picha karibu mji mzima wa Mpanda: maharusi wa Shanwe, watoto wa kipaimara, wafugaji waliokuja studio yake ya Kashaulili na kusimama wima mbele ya kamera kama wanakaguliwa. Mama hana picha hata moja. Yeye ndiye alikuwa anashika kitambaa cha bluu nyuma ya wateja, mikono juu, mwili wote umejificha. Ukiziangalia vizuri picha zile, pembeni utaona vidole vyake.

Mwaka huu mama amekonda, na mimi naogopa. Niseme tu ukweli, sitaki atuachie vidole tu.

Kamera yangu ya dijitali inatafuta sura yenyewe na kupiga hapo hapo. Ni nzuri kwa harusi, lakini mama akielekezewa tu, anakunja uso. Basi nikanunua adapta ya kuunganishia lenzi za zamani, nikafunga lenzi ya baba, ile nzito ambayo pete yake unaizungusha kwa mkono mpaka sura iwe wazi. Nikakigongomea kitambaa kile kile ukutani, nyumbani Nsemulwa, nikamkalisha mama mbele yake.

Nikazungusha. Sura ikaja, ikapotea, ikarudi na ukungu. Mimi si mtu wa subira, nikaanza kusonya.

"Unazungusha hivyo, unafungua mtungi wa gesi?" mama akasema. "Baba yako alikuwa anaanza na kope. Nilikuwa namsikia kule nyuma anawaambia wateja, tulia, natafuta kope zako." Akacheka kidogo. "Za kwangu hakuwahi kuzitafuta. Na nani angeshika kitambaa?"

Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikasogea karibu. Nikaizungusha pete polepole, kama ninavyokumbuka mkono wa baba ukifanya.

"Tulia, mama. Natafuta kope zako."

Akatulia. Uso ukalegea wote. Kope zikaja, chache, nyingine zimeshakuwa nyeupe, na nikazipenda moja moja. Nikabonyeza.

Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera, aliutazama uso wake mara moja tu. Kisha akaanza kukagua pembeni, kulia na kushoto, ana wasiwasi kabisa.

"Sasa mbona hapa simwoni mtu aliyeshika?"

"Ni misumari, mama," nikamwambia. "Leo wewe kaa tu."