Kishikio Chekundu Kilichoachwa Ndani

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanja cha ndege cha misheni, upande wa Migwani. Kiwanja ni jina la heshima tu. Kilikuwa kipande cha udongo mwekundu, na kazi yangu ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi, na kumimina petroli tangini kupitia kipande cha ngozi laini ili maji yasiingie. Shule niliishia darasa la nne. Lakini masikio ninayo.

Rubani wetu wa kwanza, mzee mmoja mkali, hakuruka mchana wa jua kabla ya kufanya jambo moja. Alikanyaga breki, akaifungulia injini mpaka mwisho, kisha akavuta taratibu kishikio chekundu kilichokuwa mbele yake. Injini iliyokuwa ikikohoa ikatulia, ikashika nguvu. Hapo alikirudisha kidogo, basi. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Huku kwenu ni juu, na jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi," akasema. "Petroli ikizidi hewa, injini inavimbiwa."

Inavimbiwa! Sikusahau tena.

Mzee akarudi kwao, tukaletewa rubani kijana aliyezoea viwanja vya pwani. Yeye kishikio alikiacha kimezama ndani kabisa. Niliuona moshi mweusi, nikanyamaza. Alikuwa akibeba barua na dawa tu.

Hadi siku mama yangu alipoumwa na nyoka shambani, yule kifutu mnene. Mguu ulivimba mpaka gotini. Dawa ya sumu ilikuwa Nairobi. Siku hiyohiyo kulikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu siku mbili bila kujifungua, pamoja na muuguzi wake. Wote watatu wakapakiwa, saa kumi, jua bado likiwaka. Ndege ikakimbia, ikakohoa, ikafika nusu ya kiwanja bila kunyanyuka, ikarudi.

"Uzito umezidi," kijana akasema. "Mmoja ashuke." Akamnyooshea mama kidole.

"Samahani, bwana," nikamwambia, "vuta hicho chekundu kidogo. Yule mzee alikuwa..."

Akalitazama panga langu, akacheka. "Wewe kafyeke nyasi."

Ningepiga kelele. Ningelala mbele ya magurudumu, haki ya Mungu! Lakini mama mwenyewe alikuwa ameanza kushuka, amenishika bega.

"Nyamaza, mwanangu. Mwenye nguvu mpishe. Ukimkasirisha, hata huyu mwenye mimba ataachwa."

"Sawa, mwaitu," nikasema, kama Mkamba yeyote anavyomwitikia mama yake.

Ndege ikaondoka ikikwaruza vichwa vya migunga. Giza lingeingia kabla haijarudi, na kiwanja hakikuwa na taa. Tukampakia mama kwenye lori. Likaharibika, likatulaza njiani, tukafika Nairobi kesho yake adhuhuri. Mguu ukakatwa juu ya goti.

Miezi miwili baadaye, kijana yule alikanyaga breki, akavuta kishikio, injini ikashika nguvu. Sijui nani alimfundisha. Akaniita dirishani, amechangamka kwelikweli, akanieleza polepole kama mtoto wa nasari: joto, mwinuko, hewa nyepesi, petroli. Akaniuliza kama nimeelewa.

"Nimeelewa, bwana," nikasema. "Asante sana."

Nilimshukuru. Mimi, kwa mdomo huuhuu, nilimshukuru.