Siku Nilipoibeba Redio ya Nkololo kwa Baiskeli

Kuna mambo machache nimemficha mke wangu, na hili ni mojawapo, ila kwa kuwa mmenibana na yeye yuko jikoni hasikii, acheni niseme: kuna wakati watu wa Bariadi walikuwa wanabeba vigoda kutoka makwao kuja kunisikiliza mimi nikilia. Si msibani. Kwenye redio ya upepo.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba limefunguliwa, ushirika si mnunuzi peke yake tena, makampuni ya watu binafsi yanaingia kila msimu na mizani zao mpya, na mimi niliyetoka Mbinga kwenye kahawa, ambaye sikuwa nimewahi kuuona mpamba ukiwa shambani, nikaajiriwa kuwa karani wa kituo cha kununulia upande wa Nkololo (jina la kampuni silitaji, na hata hivyo haipo tena). Kituo chenyewe kilikuwa ghala la mabati, chumba kimoja cha kulala, na meza yenye redio. Ilikuwa redio ya kufungwa kwenye gari, ilitolewa kwenye Land Rover iliyokufa, ikawekwa mezani na betri yake chini, na waya wa antena ukapanda mpaka juu ya mlingoti nyuma ya ghala.

Fundi aliyeileta alinipa somo la dakika kumi. Hapa pa kuwashia, hapa pa sauti, hii chaneli usiiguse, ukitaka kusema bonyeza kitufe hiki ubavuni mwa kisemeo, ukimaliza achia, maana ukiwa umebonyeza husikii mtu. Halafu akagusa kitasa cha mwisho, kile ambacho maandishi yake yalikwishafutika, akasema, "Hii ni skwelchi. Inakata makelele. Lakini ukiizidisha, inakata na watu. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuelewa hata neno moja. Ila kwenye usaili nilikuwa nimedanganya kwamba nilitumia redio nilipokuwa kambini jeshini kwa mujibu wa sheria (kambini nilitumia jembe), sasa ningeulizaje?

Basi tukaenda vizuri wiki kadhaa. Saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni dada Kulwa, mwendesha redio wa Bariadi, aliita vituo vyote, kila mmoja akataja pamba aliyonunua. "Nkololo, Nkololo, Bariadi naita, ova." Jina langu hakuna aliyelitumia, nilikuwa Nkololo tu. Kwenye kituo cha Sola alikuwako mzee Bundala, ana sauti nzito, kila jioni anamaliza kwa kunitakia usingizi mwema. Hao wawili sikuwahi kuwaona. Na hao ndio waliokuwa watu wangu, maana Kisukuma sikijui, na jirani yangu Mama Nyanzobe aliyeniuzia maji alikuwa akinisalimu "Mwadila," nami namjibu "Mwadila," ananiuliza "Mhola?" namjibu "Mhola," halafu tunabaki tunatazamana, maneno yameisha.

Sasa Jumapili moja ghala likajaa, nikawaambia wakulima wasubiri lori lije lisombe, nao wakaacha kuja. Nikabaki peke yangu na ile redio inayokoroma shshshsh kutwa nzima. Nikasema hebu niipunguze. Nikakizungusha kile kitasa, makelele yakakatika, kukawa kimya kizuri, nikafurahi kweli.

Jioni saa kumi na moja Kulwa hakuita. Nikaita mimi, kimya. Jumatatu asubuhi kimya, lori halipo. Nikibonyeza, kitaa chekundu kinawaka, na mimi nikadhani kinaonyesha betri ina moto (kumbe kinasema sauti yako inaondoka). Nikaanza kuwaza. Kampuni imefunga virago? Zilikuwepo za namna hiyo. Au wamegundua uongo wangu wa kambini? Mnajua mtu akiwa peke yake anavyowaza, anapika ugali, anauacha, anatoka kutazama barabara, anarudi.

Jumatatu jioni saa ilipofika, mkono ukaenda wenyewe kwenye kisemeo. Nikajiambia imekufa hii, hakuna anayesikia, nikaanza kusema. Nilisema kwamba sikuwahi kushika redio maishani mwangu. Nilisema naogopa mijusi wa darini. Jumanne nikasema makubwa zaidi: kwamba kila mwezi namwandikia mama yangu barua namwambia nina marafiki wengi huku, wa karibu kabisa ni Kulwa na Bundala, na kila Jumapili tunakula pamoja kwa Kulwa, wali na kuku. "Mama amewaombea mpaka kanisani," nikasema, "na mimi sijui hata sura zenu." Hapo nikalia, kidole bado kimebonyeza kitufe. Jumatano nikaimba wimbo wa kwaya ya kwetu, sauti ya tatu peke yake, na mnaojua kwaya mnajua sauti ya tatu ikiwa peke yake inavyotia huruma.

Alhamisi alfajiri nikaona yatosha. Nikaichomoa redio, nikaifunga kwenye kariya ya baiskeli kwa mpira, nikashika njia ya mkato kwenda Bariadi. Niliingia uani kwa kampuni nimejaa vumbi mpaka kope, nikakuta wakulima, makuli, madereva, na meneja mwenyewe, na lori limelala chini halina giaboksi. Hiyo ndiyo sababu halikuja. Nikaitua redio mezani kwa kishindo.

"Redio yenu imekufa! Siku nne mmenitupa kule kama mbwa!"

Ua mzima ukageuka kunitazama. Halafu kuli mmoja akauliza taratibu, "Ndiye huyu wa mijusi?"

Mama mmoja mnene, mwenye miwani, umri wa mama yangu, akatoka ofisini. "Hujambo mwanangu," akasema, na mimi nikaijua sauti. Akaunganisha redio yangu kwenye betri na antena yao, akashika kile kitasa, akakirudisha kushoto kidogo. Shshshsh. Na ndani ya makelele sauti nzito ikasema, "Bariadi, Sola hapa. Yule kijana wa Nkololo vipi, ameshasikia? Ova."

Watu walicheka, jamani. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikaonyeshwa spika iliyofungwa nje ukutani ili madereva wasikie wakiitwa. Ndiyo iliyotangaza mijusi, barua, kilio na kwaya. Jumatano walikuja hata watu wasio na pamba ya kuuza, na vigoda vyao. Fundi alikuwa amejua tangu mwanzo kosa ni nini, na kila nilipoachia kitufe ua mzima ulikuwa unapiga kelele kwenye kisemeo, "Zungusha kushotooo!" Hata mtu wa baiskeli alikuwa ametumwa asubuhi ile anifuate, tukapishana.

Lakini kilichonimaliza si kicheko. Kulwa aliniita ndani akanifungulia daftari la redio, ambalo kila wito lazima uandikwe. Mwandiko wake mzuri, wa shule za zamani: "Jumatatu, saa 11:05. Nkololo anasema yuko peke yake. Tumejibu. Hakusikia." "Jumanne, saa 11:10. Nkololo analia. Sola amemjibu kwa muda mrefu. Hakusikia."

"Bundala alikusimulia alivyoanza kazi, alipokuwa kijana kama wewe," akasema. "Tukamwacha aseme. Sasa sikiliza. Jumapili uje hapa kwangu, nyuma ya ofisi, Bundala atakuja na basi. Nitapika wali na kuku. Barua ya mama yako isiwe ya uongo."

Nikasema asante mama, nitakuja.

Sikwenda. Jumapili niliamka kituoni, redio nimeirudisha mezani, nikavaa shati, nikauona akilini ule ua na vile vicheko, nikabonyeza kitufe nikasema baiskeli imepata pancha. Haikuwa na pancha. Kulwa akasema, "Nimekusoma." Nyuma yake nilisikia sahani. Msimu ulipoisha kampuni ilifunga vituo, wakaja kuchukua redio nikiwa ghalani, na mzee Bundala mpaka leo sijui alikuwa mrefu au mfupi.

Tangu siku hizo mtu akiniuliza umeelewa, namwambia hapana, rudia, hata kama ni muuza simu na foleni imenuna nyuma yangu. Na nikiitwa mahali kula, naenda. Hata walionicheka wakiwa wamekaa mlangoni, naenda.