Siku Zipora Alipomwona Gerson Radi

Gari la matangazo lilipopita mtaa wa Miyuji, Dodoma, likienda taratibu, Zipora alikuwa dukani kwake akitia zipu kwenye sketi ya shule. Spika zikataja jina la Gerson Radi. Akauondoa mguu kwenye cherehani, akatoka mbio na sketi mkononi na pini mdomoni, akalifukuza gari hadi kwenye kona ya mashine ya kusaga. Hapo ndipo alipokumbuka kuzitema zile pini.

"Kaka! Rudia tena! Umesema nani?"

"Gerson Radi, mama. Jumamosi saa kumi jioni, kwenye bustani ya mjini. Mwenyewe kabisa, na gitaa lake."

Zipora akamshukuru Mungu kwa Kigogo, kisha akamshukuru kwa Kiswahili ili pasiwe na shaka.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane, na nusu ya watoto wa Miyuji walivaa sare alizozishona yeye. Jumapili aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mtu wa heshima zake. Wachache tu walijua kwamba tangu utotoni alikuwa amepagawa na muziki wa roki, na hasa na mtu mmoja.

Mambo hayo yalianzia Gulwe. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli pale stesheni, na mkuu wa stesheni alikuwa na redio iliyokaa dirishani, yenye kukoroma kama mtu mwenye mafua. Mchana mmoja Zipora, akiwa na miaka kumi na minne, alimpelekea baba yake ugali na mlenda. Akiwa bado hajatua sufuria, redio ikapiga wimbo ulioitwa Barua ya Mama. Gitaa lilianza peke yake, likilia na kukwaruza kama treni ya mizigo inayofunga breki. Kisha ikaja sauti ya kijana: "Asma, Asma, nirudi nyumbani..."

Alisimama pale, sufuria kichwani, mpaka wimbo ukaisha. Ugali ulipoa, baba akagomba, yeye hakusikia kitu.

Kuanzia siku hiyo alitaka kumwona Gerson Radi kwa macho yake. Mara ya kwanza bendi yake ilikuja Mpwapwa, lakini lori alilodandia na wenzake likanasa kwenye mchanga wa korongo, wakashinda humo wakilisukuma. Mara ya pili bendi ilikuja Dodoma mjini. Zipora alikuwa ameshaolewa na ana mimba kubwa, akavaa gauni lake jipya, akafika mlangoni, uchungu ukamshika. Gerson Radi alipanda jukwaani saa ileile mtoto alipozaliwa. Alikuwa wa kike, na mama yake akampa jina la yule mwanamke wa kwenye wimbo: Asma.

"Asma?" mchungaji aliuliza. "Kwa watu wa kanisani?"

Wakakubaliana abatizwe Raheli, na jina hilo likabaki kwenye cheti. Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo hata siku moja. Miaka mingi baadaye, Mwajabu, au Mama Zaidi, Mrangi wa Kondoa, alipohamia nyumba ya jirani na kumsikia Zipora akiita "Asma!", alijua amepata Waislamu wenzake. Akaenda na sahani ya futari. Akakuta msalaba ukutani na kitabu cha tenzi mezani. Walicheka mpaka futari ikapoa, na tangu siku hiyo hawakuachana.

Gerson Radi naye akaenda kuishi ng'ambo, akapotelea huko. Santuri zake hazikupatikana tena. Asma, ambaye sasa ni ofisa wa serikali mwenye watoto wawili, aliutafuta ule wimbo kwenye simu mpaka akachoka. Redioni ulipita mara mojamoja, na kila ulipopita Zipora aliuimba kwa sauti kubwa kuliko redio yenyewe.

Basi wiki hiyo sare za watu zilisubiri. Zipora alijishonea suruali ya bugaluu ya rangi ya machungwa na shati lenye kola pana kama masikio ya tembo. Hakuwahi kutoka nje na suruali maisha yake yote. Jumamosi saa nane alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

Mwajabu alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Mama Asma, hiyo suruali itafagia barabara yote mpaka mjini."

"Acha ifagie. Twende, Mama Zaidi, tutachelewa."

"Saa nane hii? Wapiga muziki wenyewe hawajaoga!"

Lakini alijitanda mtandio wake, wakampitia Asma, wakaenda wote watatu. Walikuwa wa kwanza kufika kwenye ile bustani. Zipora akashika nafasi mbele kabisa, akaikumbatia nguzo ya uzio. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unapeperusha vumbi na vipande vya karatasi. Watu wakajaa taratibu: wazee wenye kofia za pama, wanafunzi wa chuo, akina mama walioficha ushabiki wao miaka yote kama yeye.

Saa kumi na nusu mzee mwembamba, mwenye nywele nyeupe pee na koti la ngozi, akatoka akitembea kwa kuchechemea. Akashikwa mkono kupanda ngazi. Zipora akaingiwa na hofu: jamani, ataweza? Mzee akavaa gitaa, akasogelea kipaza sauti.

"Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo.

Wagogo wote walipiga kelele, na wasio Wagogo pia. Halafu akaligusa gitaa, na mlio ukatoka uleule, wa breki za treni. Zipora akajikuta anaruka. Hakuwa ameruka tangu ujana wake, lakini miguu ilikumbuka. Aliruka, akapiga mayowe, akamshika Mwajabu mabega akamtikisa, na Mwajabu, aliyekuja kumsindikiza tu, akaanza kutikisika mwenyewe bila kushikwa.

Baada ya nyimbo saba, Gerson Radi aliomba kiti, akanywa maji.

"Huu unaofuata niliutunga nikiwa kijana, niko mbali," alisema. "Mama yangu hakujua kuandika. Alimwomba karani wa kijiji aniandikie barua. Karani akaandika kila mstari hivi: mama yako asema. Asema mbuzi wamezaa. Asema mvua hakuna. Asema rudi nyumbani. Ndiyo nikaimba: asema, asema, nirudi nyumbani."

Zipora aliganda. Asma akamgeukia polepole.

"Mama."

"Usiniulize."

"Mama, amesema 'asema'. Hakuna Asma hapo! Ina maana mimi ni kitenzi?"

"Ilikuwa redio ya Gulwe, mwanangu," alisema Zipora kwa sauti ndogo. "Ilikuwa inakoroma!"

Mwajabu alikuwa ameinama, ameshika tumbo, machozi yanamtoka kwa kicheko. Alipopata pumzi akapaza sauti kuelekea jukwaani, "Mzee! Shikamoo! Huyu mama amempa mtoto jina kwa wimbo wako, na kumbe alisikia vibaya!"

"Marahaba. Alisikia nini?"

Zipora alitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mtu alikuwa anamtazama yeye, Gerson Radi mwenyewe, hatua nne tu kutoka alipokuwa, na hakujua lini angetazamwa tena.

"Asma!" alipiga kelele. "Kwenye redio ya Gulwe nilisikia Asma, Asma, nirudi nyumbani! Miaka arobaini na nane nimeimba hivyo!"

Mzee alicheka mpaka gitaa likatoa sauti lenyewe mapajani. "Na huyo Asma yuko wapi?"

Asma, ofisa wa serikali, akainua mkono kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Mama yangu hayupo tena wa kuniita nyumbani," alisema Gerson Radi. "Leo tuuimbe wa Gulwe. Mama mwenye suruali nzuri, anzisha. Mimi nitafuata."

Akamshushia kipaza sauti. Zipora akakishika kwa mikono yote miwili na kuanzisha, juu sana, kwa sauti ya kwanza ya kwaya, na gitaa la Gerson Radi likaja nyuma yake. Bustani nzima ikapokea, "Asma, Asma!", na Asma mwenyewe akalia na kucheza kwa wakati mmoja.

Kesho yake kanisani, kwaya iliposimama, Zipora alifungua kinywa na hakuna kilichotoka. Sauti ilikuwa imekwisha yote. Mwalimu wa kwaya akamkazia macho. Zipora akamtazama, akajitahidi kuwa na huzuni, akashindwa, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko mbele ya usharika mzima.