Kilio cha Suey Wan

Gim Lan alikuwa akimenya kamba kwa kibarua kwenye ua wa muuza samaki, mtaa wa Wachina, Los Angeles, na chumvi haikumtoka vidoleni. Mwaka mmoja studio moja ilimchukua amfundishe Bi Lorna Beckwith kumimina chai. Bi Lorna, Mzungu wa macho ya kijani, ndiye aliyekuwa mke wa Kichina katika filamu yao. Kope alibandikwa gundi zikavutwa pembeni.

Wiki ya pili alikuja Quan, aliyekuwa akiwatafutia studio watu wa mtaani.

"Shemeji, wanataka mtoto. Wamempenda Suey Wan wako."

"Ana miaka miwili, Quan. Ataigiza nini?"

"Kubebwa tu. Na wewe utakuwepo palepale."

Louie, mumewe, aliacha kufunga mafungu ya mboga. "Huyo mke wa Kichina mwisho wake nini?"

"Anakufa. Sisi si hufa kila mara? Mume anaoa Mzungu mwenzake, mtoto anapata mama mpya, watazamaji wanalia, wanakwenda zao."

Wanaume walicheka. Gim Lan hakucheka, lakini alikubali.

Siku ya kwanza alipewa kiti kando ya kitanda cha filamu. Siku ya pili alikikuta nyuma ya taa. Alipouliza nani kakisogeza, kila mtu alikuwa na shughuli. Siku ya tatu kilikuwa mlangoni. Mwongozaji, Bwana Prentiss, alimtazama Suey Wan akimchekea kila anayepita, akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Siku ya nne kiti hakikuwepo.

"Nje kidogo, mama," alisema mlinzi, na komeo likafungwa nyuma yake.

Alisimama juani. Ndani fidla ilianza ule muziki wa kumliza Bi Lorna, ikapigwa kitambo, ikanyamaza. Kisha akasikia sauti ya Quan, kwa lugha ya nyumbani, kali kuliko alivyowahi kuisikia.

"Wan! Mama yako amekufa! Tazama pale kitandani! Amekufa, harudi tena!"

Mtoto akapiga ukelele.

Gim Lan alizunguka mbio hadi mlango wa kupitishia samani. Suey Wan alikuwa mikononi mwa mwanamke wa nywele za dhahabu, yule aliyeigiza mama mpya, akijinyonganyonga kuelekea kitandani. Bi Lorna kajilaza pale, uso kaugeuzia ukutani, kavaa koti la hariri la Gim Lan lililoazimwa asubuhi ile. Mpiga picha alikuwa akizungusha mpini wa kamera. Gim Lan akakatiza katikati ya taa, akamnyakua mwanawe.

"Mwacheni aende," alisema Prentiss kwa utulivu. "Tumeshapata."

Quan alitazama viatu vyake. "Shemeji, ni mchezo tu. Waliniambia..."

"Usiniite shemeji."

Hakurudi studio tena. Filamu ilipoonyeshwa mjini alikwenda peke yake, akakaa juu nyuma, walikowekwa wasio Wazungu. Uso wa Suey Wan ulienea ukuta mzima, kinywa wazi, bila sauti, maana filamu za wakati ule zilikuwa bubu. Chini, akina mama walitoa leso. Gim Lan aliondoka kabla ya harusi.

Kwa miezi mingi, kila alipojilaza mchana, vidole vidogo vilimjia usoni vikamfunua kope, moja, kisha ya pili.

"Nipo, mwanangu."

Suey Wan alikaa palepale akimkodolea macho, mpaka mama yake aliponyanyuka.