Kichupa cha Mama

Mtaalamu wetu wa maabara hana haraka. Kila asubuhi hutwanga majani yake, huyachuja kwa kitambaa cheupe, kisha hudondosha maji hayo kwenye vichupa ili damu ya kupimwa isigande. Vidole vyake vimeshakuwa vya kijani hadi kwenye kucha. Hukiinamisha kila kichupa polepole, kama anayembembeleza mtoto, ila huyu hataki mtoto alale. "Usilale," hunong'ona. Tumeshamzoea. Jana nilimkuta ameshika kichupa cha mama yake, tuliyemzika mwezi uliopita. Damu ilikuwa bado majimaji, ikateleza taratibu ndani ya kioo. "Shikamoo, mama," akakiambia kichupa. Akakisogeza sikioni, akasikiliza, akatabasamu. "Ndiyo, mama. Nimeshakula."