Mkwe Wangu na Ukungu wa Kitale

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nimeshastaafu ualimu, niko nyumbani Naitiri na kuku wangu, na kulikuwa na jambo moja la kujivunia: sikuwa nimewahi kumgusa mkwe wangu. Kwetu Bungoma mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawakai pamoja, hata kutazamana usoni ni shida. Akija kwangu, mimi hujificha jikoni. Tukisalimiana, tunasalimiana kwa mbali, huyu anatazama ua, yule anatazama kuku. Wengine walikuwa wameanza kulegeza, ati hayo ni mambo ya zamani. Mimi? Thubutu!

Basi Julai moja binti yangu, ambaye hadi leo hunicheka kwa kisa hiki, akalazwa Nairobi. Alikuwa afanyiwe upasuaji wa tumbo keshokutwa yake asubuhi, akanipigia simu akilia kwamba haingii chumba cha upasuaji kabla hajaniona. Mume wake alikuwa na kibarua cha usimamizi kwa mkulima mmoja wa Kitale mwenye ndege ndogo ya viti vinne. Mkulima akasema yuko safarini kwenda Nairobi, atatubeba sote wawili. Ningekataa vipi?

Kesho yake asubuhi uwanja wa ndege wa Kitale ulikuwa ukungu mtupu, na baridi ya kukausha masikio. Tulingoja weee! Mkulima ndiye alikuwa rubani, na mkwe wangu akakaa mbele kando yake. Mimi nilikaa nyuma na kikapu changu, naona kisogo chake tu, nikaridhika.

"Mwambie mama afunge mkanda," mkwe akamwambia bosi wake.

"Mwambie nimesikia," nikajibu.

"Nyinyi watu mtanitia wazimu," mkulima akasema, akicheka.

Ukungu ukainuka kidogo. Mkulima akasema mwanga unatosha kuruka. Haukutosha. Tayari tulikuwa tumeshika kasi, nimeshaanza kumwomba Mungu, ng'ombe akatokea mbele yetu, amesimama katikati ya uwanja anacheua. Mkulima akakanyaga breki, akakata kona, tukaingia shamba la mahindi, mabua yakivunjika pande zote, mpaka gurudumu likazama kwenye mtaro na ndege ikalala upande. Ng'ombe hata hakusogea.

Mlango ulikuwa mmoja tu, huko mbele. Mkwe wangu akatoka, akamvuta bosi wake, ambaye mkono ulikuwa umevunjika. Nami nikajaribu kusimama. Kifundo cha mguu kikakataa kabisa. Harufu ya mafuta ilikuwa imejaa humo ndani.

"Mama, toka!" mkwe akaita. Alikuwa ameingiza mkono ndani, lakini uso ameugeuzia mahindi, mkono wenyewe unapapasa hewa.

"Tafuta mwanamke aje anitoe," nikasema.

"Mwanamke gani, Mama? Hapa tuko mimi, bosi na ng'ombe!"

Hakuwa amewahi kunipandishia sauti. Kisha akageuka akanitazama machoni, na macho yake yalikuwa na machozi. "Mafuta yanamwagika. Nikifika Nairobi bila wewe, nitamwambia nini?"

Nikamkumbatia shingo. Alinibeba mgongoni, mwili huu wote, akihema katikati ya mahindi yenye umande. Aibu niliyoona! Nilifumba macho kana kwamba nikifumba haitahesabika. Halafu kicheko kikanishika, naye kikamshika, nusura tuanguke wote kwenye matope.

Ndege haikuwaka moto, Mungu ni mwema. Mkulima alipelekwa hospitali, na sisi akatupa pikapu ya shamba na dereva wake. Mguu wangu ukafungwa bendeji Kitale, tukashika barabara, tukafika Nairobi jioni, saa ya kuwaona wagonjwa. Kutoka langoni hadi wodini nilimwegemea mkwe wangu begani, mkono wake umenizunguka kiunoni. Kiunoni, jamani.

Binti yangu alikuwa ameketi kitandani. Alipotuona uso ulichanua, kisha akaona tulivyoshikana. Tabasamu likapotea.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "daktari amewaambia nini?"

"Hata hatujamwona."

"Msinifiche. Nyinyi wawili mmeshikana. Nakufa, si ndiyo?"

Lo! Sikujua nicheke au nilie. Nikamsimulia yote, ukungu, ng'ombe, mahindi, hadi ile ya kutafutiwa mwanamke, naye akacheka mpaka akajishika tumbo na muuguzi akaja kutugombeza. Mkwe wangu, haya ikimrudia, akaanza kuuondoa mkono wake polepole. Nikaubana kwa kiwiko. Nakiri mguu haukuwa unauma sana tena. Nilikuwa naiogopa ile kesho, na yeye pia, na pale wodini hapakuwa na mtu mwingine aliyempenda mtoto wangu kama mimi.